Bia ya Ngisi

Mimi ndiye niliyeichora.
Ghorofa ya pili, Sinza, juu ya duka la vyuma,
feni ikizunguka kwa kujilazimisha,
mtayarishaji akasema: Zamoyoni, Mzee Kipwelele anashinda baa,
hawezi kukaa na meza tupu. Mpe bia.
Ipi?
Isiyokuwepo, tusije tukashtakiwa.

Basi nikachora ngisi kwenye lebo ya njano,
kofia ya nahodha imemlalia upande,
na minyiri tisa. Tisa, kwa usingizi tu,
ilikuwa saa nane usiku.
Asubuhi wakauliza wa kumi uko wapi.
Umekwenda kaunta, nikasema, kuongeza nyingine.
Wakacheka, ikapita.
Chini yake nikaandika kwa herufi nene
MOJA HAITOSHI, MBILI HAZIPO.

Sijawahi kuonja bia, ya kweli wala ya katuni.
Kwetu Tandika hata glasi yenye shingo haikuvuka kizingiti.
Povu nililijua kwenye beseni la mama,
povu la sabuni ya unga juu ya sare zetu za shule,
linapanda, linafikiri kidogo, linashuka.
Hilo ndilo alilokunywa Kipwelele vipindi sitini na viwili
akafuta masharubu, akaomba jingine kwa mkopo.
Ule mlio wa kizibo, psss, ni Lusajo
anafungua soda ya tangawizi mbele ya maikrofoni.
Koo linalomeza ni Lusajo.
Na ile mbweu ndefu inayofunga kila kipindi,
watoto wanaiigiza hadi darasani,
ni Lusajo, sauti ya nne kwaya ya Jumapili.

Halafu jioni moja ya mshahara
mtu akaingia baa ya Nyamizi, akafungua kifungo cha shati:
Nipe Ngisi. Ya baridi.
Nyamizi akadhani anataka kitoweo.
Wakabishana mpaka akaitwa mpishi.

Wiki iliyofuata walikuwa wanne.
Mwezi wa tatu ukuta mmoja wa Manzese ukamvaa ngisi wangu,
kachorwa na mtu mwenye brashi nzuri kuliko yangu,
minyiri tisa. Alihesabu. Hakuniongezea.

Ndipo Mzee Kaanaeli, mpakia kreti mstaafu,
akasimama kwa kushika meza, akaapa:
Hii bia ilikuwepo!
Enzi za foleni za sukari, chupa fupi, kahawia,
nimeibeba kwa bega hili.
Ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni, kama ganda la chungwa.
Wakaifuta. Kitu kizuri kilidumu wapi?
Na watu wakaitikia.
Mmoja, baba yake aliinywa siku ya harusi.
Mwingine anacho kizibo chake, kipo Mbagala,
kwenye kopo, akienda atakileta.

Nilikuwa meza ya pembeni na maji yangu.
Nilitaka kusema. Mdomo ulishafunguka.
Lakini mzee alikuwa amefumba macho,
ulimi unatafuta lile ganda nyuma ya meno,
unatafuta,
ukalipata. Nilimwona.

Jumatatu nikafungua faili la lebo,
nikalikuza mpaka rangi zikawa matofali,
na chini ya kofia ya nahodha, pasipofika jicho la mtu,
nikaweka ganda la chungwa.

Mama alikuwa amechutama uani, mikono ndani ya beseni.
Nilimsimulia yote, akacheka mahali pa kucheka,
kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:
Sasa hiyo bia yako ina ladha gani?

Chungu kidogo, mwishoni, nikajibu.
Nilijibu haraka mno.

Mikono yake ikatulia ndani ya povu.
Umejuaje?